Maji ya Kosagi

Tone la kwanza lilining'inia kwenye mdomo wa bomba, likasita kana kwamba linafikiri, kisha likaanguka ndani ya mtungi. La pili likafuata. Halafu matone yakashikana, yakawa uzi.

Ndani ya chombo kirefu cha mbao, ambacho watengenezaji wa sake, pombe ya mchele ya Kijapani, hukiita mashua, mifuko ya kitambaa iliyojaa rojo la mchele ilikuwa imelazwa moja juu ya nyingine, ikijikamua kwa uzito wake yenyewe. Baridi ya asubuhi ilikuwa imepenya hadi ndani ya kuta. Kinue Sakashita alisimama karibu na bomba, mikono ameificha chini ya aproni, maana ilikuwa ikisokota kamba yake na hakutaka watu wadhani ni woga. Ilikuwa ni woga.

Upande wa pili alisimama Fundi Iwao Ushiroda, mwenye kiwanda, mikono kifuani. Alikuwa mzee mfupi, mpana, mwenye nyusi nzito zilizokaa juu ya macho kama theluji juu ya paa. Wawili hao walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu majira ya baridi yalipokaza, na siku hizo zote hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, isipokuwa kwamba sakafu lazima ioshwe.

"Inatoka safi," alisema Sadao, mmoja wa wafanyakazi wa Iwao, mtu mzima mwenye mdomo usiotulia. "Bi Kinue, cheka basi. Mtoto amezaliwa, ana vidole vyote."

"Mtoto hasifiwi kabla mwenyewe hajamwona," alisema Iwao. "Mzee Denzo yuko njiani. Tungoje."

Wakangoja, na uzi ukaendelea kushuka.

Sake ile haikuwa ya nyumba ile. Ilikuwa ya Kosagi, kijiji cha wavuvi kwenye ncha ya rasi ya Noto, ambako ukoo wa Hamagishi ulikuwa ukipika sake iitwayo Isochidori tangu enzi za mababu. Nje ya rasi ile watu wachache waliijua. Haikuwa sake ya mahoteli. Wavuvi waliinywa na samaki wa chumvi, ikawatosha. Kisha Mwaka Mpya ardhi ikatikisika, na kiwanda cha Hamagishi kikaketi chini kama mtu aliyekatwa magoti. Shohei, aliyekuwa akiotesha ukungu wa koji kwenye mchele, alikuwa ndani. Wanakijiji walichimba kwa mikono wakimtafuta, na katika kumtafuta wakayakuta magunia ya mchele, wakayapitisha mkono kwa mkono hadi barabarani ili wapate njia ya kumfikia. Walipomfikia alikuwa ameshakufa. Mchele ulikuwa mkavu.

Kinue alikuwa katika mstari ule. Ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa Isochidori. Aliingia kiwandani akiwa msichana, kuwapikia wafanyakazi wali na supu. Kadiri wanaume walivyopungua, wengine wakihamia mijini na wengine wakizeeka, ndivyo alivyosogea kutoka jikoni hadi kwenye matangi. Mzee Denzo Hamagishi, mwenye kiwanda, alimfundisha mwenyewe, kikombe kwa kikombe.

Ndipo Iwao, mtu wa mlimani ambaye hakuwahi kufika Kosagi, alipompigia Denzo simu. "Leteni mchele wenu huku," alisema. "Nitawaachia matangi mawili." Matangi hayo alikuwa amekusudia kuyajaza sake yake mwenyewe. Hakueleza kwa nini anayatoa, na Denzo hakuuliza.

Hivyo Kinue akaja mlimani. Akakuta maji laini, maji ya theluji iliyoyeyuka na kupita kwenye mawe, matamu kama usingizi. Akajua siku ile ile kwamba itakuwa taabu, kwa kuwa maji ya Kosagi ni magumu na huichochea chachu. Akaomba rojo liachwe lipate joto kidogo, chachu ifanye kazi kwa nguvu. Iwao akakataa.

"Hapa kwangu rojo halichapwi viboko, Bi Kinue. Linabembelezwa."

"Hili limezoea viboko, Fundi."

"Basi litajifunza adabu."

Na Sadao, akipita na ndoo, akatupa lake: "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Kinue aliyameza hayo yote, kwa kuwa paa lilikuwa la Iwao, na yeye lake lilikuwa limelala chini.

Gari lilisikika nje. Mzee Denzo aliingia akishikwa mkono na Teruki, mpwa wake aliyemwendesha. Alikuwa amekonda. Tangu tetemeko alilala kwenye nyumba ya muda, chumba kimoja chenye kuta za bati. Lakini siku hiyo alikuwa amevaa koti lake la kazi la buluu, lenye jina la nyumba yake mgongoni, lililopigwa pasi.

Aliinama mbele ya Iwao, akainama tena, na Iwao akainama chini zaidi ili yaishe. Teruki akaingiza mizigo: kichupa cha matumbo ya jongoo bahari yaliyotiwa chumvi, na madumu ya maji.

"Kisima chetu kimesafika," alisema Denzo. "Tangu siku ile kilikuwa kinatoa tope. Sasa ukitazama unaona hadi chini. Nikasema, angalau vikombe vioshwe kwa maji ya nyumbani."

Kinue aliyatazama madumu. Tangu hapo macho yake yakawa yanarudi pale.

Vikombe vikapangwa, vyeupe, vyenye duara mbili za buluu chini ili mtu aone kama kinywaji ni angavu. Iwao akamimina. Kinue akainua chake.

Alinusa kwanza. Ilikuwa harufu ya peasi, peasi lililoiva hasa na kuwekwa mahali penye baridi. Akatia funda mdomoni, akavuta hewa juu yake kwa sauti, kama watengenezaji wafanyavyo. Ilikuja laini. Ikatandaza utamu wake juu ya ulimi kama mtu anayetandika godoro, ikalala. Akatema kwenye ndoo, akangoja.

Alikuwa anangoja ukakasi. Isochidori, ukishaitema au kuimeza, huacha kwanza ukakasi pembeni mwa ulimi, kisha uchungu mdogo, kama wa chipukizi linalochungulia theluji inapoanza kuyeyuka. Halafu hukata. Hukata kama kisu cha mvuvi, mdomo ukabaki mtupu na wenye njaa. Kinue alingoja, na hakuna kilichokata. Peasi lilikuwa bado limelala juu ya godoro lake.

Ilikuwa sake nzuri. Hilo ndilo lililomuumiza.

Mzee Denzo hakutema. Alimeza, akafumba macho, na koo lake jembamba likapanda na kushuka. Alipoyafumbua, yalikuwa na machozi.

"Ndiyo hii," alisema. "Ndiyo yenyewe."

Sadao akapumua kwa nguvu, akacheka. Iwao akashusha mikono yake kifuani kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Teruki alikwishatoa simu ili awapigie watu wa nyumbani, waliokuwa wakingoja habari kwenye zile nyumba za bati. Wote wakamgeukia Kinue, maana fundi mkuu ndiye husema la mwisho.

Alijua neno lenyewe. Lilikuwa jepesi. Angelisema, na wangekula chakula cha mchana pamoja, na mzee yule angerudi nyumbani akiwa na kitu mkononi. Na ni nani angemlaumu?

"Siyo," alisema.

Teruki akashusha simu.

"Umesemaje?" aliuliza Denzo.

"Ni sake nzuri, Mzee. Pengine inaishinda yetu. Lakini siyo yetu."

Uso wa Iwao haukubadilika, ila masikio yake yaliiva. "Bi Kinue," alisema taratibu, "umelala chini ya paa langu. Watu wangu hapa wameamka usiku kulitazama rojo lako. Unasema hivyo mbele yao?"

"Ningesema wapi, Fundi? Nyuma ya migongo yao?"

"Nyamaza, Kinue." Ilikuwa sauti ya Denzo, nayo ilikuwa imepanda. "Mimi nilinyonyeshwa na mwanamke aliyenuka sake hii. Wewe ulikuja kwangu kupika wali, hujui koji ni kitu gani. Leo unaniambia siijui?"

Maneno yale yalimpata. Alikuwa hajawahi kusemeshwa hivyo na mzee huyo, hata siku alipochoma mchele wa tangi zima. Akakiweka kikombe chake mezani.

"Wewe ndiye uliyenifundisha, Mzee. Uliniambia, Isochidori ikishashuka, mdomo unauliza samaki yuko wapi. Sasa hivi mdomo wako unauliza nini?"

Denzo alisimama akimtazama kwa hasira ya mtu aliyeibiwa. Kisha akanyoosha mkono, Teruki akampa kile kichupa. Akakifungua. Harufu ya bahari ikatoka, kali, ya chumvi na mwani, na watu wa mlimani wakarudi nyuma hatua. Akatwaa kidogo kwa vijiti, akala, akainua kikombe akanywa juu yake.

Wote waliona. Mashavu yake yalijikaza. Utamu ule ulikuwa umekutana na jongoo bahari mdomoni mwake na wawili hao hawakusalimiana. Kilichobaki kilikuwa shombo. Akameza kwa shida, akaweka kikombe juu ya meza polepole sana.

"Nilitaka iwe," alisema.

Teruki akamletea kigoda, mzee akaketi.

Kinue akaona kwamba kama atasema, ni sasa, na kwamba kusema kwenyewe kutamgharimu kile kidogo kilichobaki kati yake na Iwao.

"Tangi la pili bado linachachuka," alisema. "Halijakamuliwa. Naomba tulifunike mikeka lipate joto. Na naomba tulimiminie haya maji."

"Hapana," alisema Iwao.

"Kidogo kidogo, Fundi. Chachu ikipata maji yale itaamka, itaula ule utamu."

"Nimesema hapana. Ardhi ya kwenu imepinduliwa. Nani anajua kisima kinapita wapi sasa? Kikiwa na chuma, sake itageuka rangi ya kutu. Kikiwa na vijidudu, vitaingia kwenye mbao za nyumba hii, na hata mwakani sitakuwa na kitu. Unanielewa? Si tangi lako tu. Ni nyumba yangu."

"Watu wa serikali waliyapima," alisema Teruki. "Walisema yanafaa kunywa."

"Kunywa ni kunywa. Mimi nakunywa hata chai ya mke wangu." Hakuna aliyecheka, hata Sadao. Iwao akageuka, akaenda zake, mlango ukajifunga nyuma yake.

Imekwisha, aliwaza Kinue, nimemvunja moyo mzee, nimemtukana mwenyeji, na sina hata ninachoshika mkononi. Denzo alikuwa ameinama, akitazama viatu vyake vya theluji.

Mlango ukafunguka tena. Iwao alikuwa ameshika birika.

"Ya mke wangu," alisema. "Imekolea mpaka inatisha."

Akaweka mabakuli mawili meupe juu ya meza. Moja akalijaza maji yake ya mlimani, la pili maji ya Kosagi kutoka kwenye dumu. Kisha akamimina chai katika kila bakuli, kiasi kile kile. Kinue akaelewa, akasogea. Chai ikikutana na chuma hugeuka nyeusi. Wazee wa kazi hii walilijua hilo kabla ya maabara yoyote.

Wakasimama kuizunguka meza. Mabakuli yote mawili yalikuwa na rangi ya majani makavu. Wakangoja. Theluji iliteleza juu ya paa, ikaanguka nje kwa kishindo, na kila mtu wa Kosagi aliyekuwa mle akashtuka na kushika kilichokuwa karibu, Denzo akamshika Teruki, Kinue akashika ukingo wa meza. Watu wa mlimani wakajifanya hawakuona.

Bakuli la Kosagi lilikuwa na kivuli upande mmoja. Iwao akalivuta kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kivuli cha kichwa chake mwenyewe.

Akangoja zaidi, kwa makusudi, kama mtu anayeliombea bakuli liharibike. Halikuharibika. Hatimaye akachota maji matupu kwenye kikombe, akanusa, akatia mdomoni, akayazungusha. Alikaa nayo muda mrefu kuliko alivyokaa na sake.

"Magumu," alisema baada ya kutema. "Yana kona."

"Ndiyo," alisema Kinue.

"Una hakika yatafanya unavyosema?"

Angeweza kudanganya. "Sina. Sijawahi kuyatia mwishoni. Nyumbani tunaanza nayo."

Iwao akakuna nyusi zake. Akamgeukia Denzo. "Mzee, mchele ni wako. Tangi hili likiharibika hakuna jingine. Sema wewe."

Denzo alimtazama Kinue, na hasira ilikuwa imemwishia. Kilichobaki ni uchovu. "Mchele si wangu," alisema. "Ni wa Shohei. Yeye ndiye aliyeulalia." Kisha akauliza, "Angesemaje, Kinue?"

"Angesema nimechelewa."

Mzee akatoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. "Tia," alisema. "Na hii ya kwanza isipewe jina letu. Fundi Iwao, ipe jina wewe. Mlima wako umo ndani yake zaidi kuliko sisi."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Kinue alizungushia tangi mikeka ya majani, akapanda ngazi asubuhi na jioni kumimina maji ya Kosagi, kata baada ya kata, akisikiliza. Mwanzoni rojo halikujibu. Kisha povu likapanda, likawa linanong'ona, na harufu ya peasi ikaanza kufifia. Sadao, aliyekuwa akimtania tangu siku ya kwanza, akaanza kumshikia ngazi bila kuombwa na bila kusema kitu, jambo lililomtia Kinue hofu kuliko utani.

Asubuhi moja alifunua mkeka akakutana na harufu nyingine, kali na chafu, kama tunda lililosahauliwa kabatini. Alibaki ameinama juu ya tangi. Alipogeuka, Iwao alikuwa chini ya ngazi, pua imeinuliwa.

"Tukamue leo," alisema Iwao. "Kabla halijaoza lote. Utaokoa nusu."

"Nipe hadi kesho."

"Kesho unaweza usiwe na kitu."

"Najua, Fundi."

Alijua kweli. Aliona ile barabara ya Kosagi, na mikono ya watu iliyopitisha magunia, na mkono uliokuwa ukimkabidhi yeye kila gunia. Akamtazama Iwao akingoja amri, kwa kuwa kiwanda kilikuwa chake, na amri yake ingekuwa ya haki. Iwao alilitazama tangi, akamtazama yeye. Mkeka mmoja ulikuwa umeteleza. Akaupandisha, akaufunga kamba upya, akaenda zake.

Kinue hakula siku ile. Kesho yake harufu ile ilikuwa imepungua, au pua yake ilikuwa imechoka, hakuweza kutofautisha. Akaagiza mifuko iletwe.

Barabara zilikuwa zimefungwa na theluji, hivyo Denzo hakuweza kuja. Walikuwa wao tu, Iwao na watu wake, na Kinue. Mashua ikajazwa. Tone la kwanza likatoka jeupe kama maziwa, kisha uzi ukawa angavu. Iwao akakinga kikombe, akampa.

Kinue akatikisa kichwa. "Anza wewe, Fundi. Mimi nina woga."

Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo mle ndani. Iwao hakumcheka. Akanusa, akakunja uso kidogo. Akatia mdomoni, akavuta hewa, akatema. Kisha akasimama, akingoja, na Kinue akamwangalia usoni kama mtu anavyomwangalia daktari. Kwanza mashavu yakavutika ndani. Kisha nyusi zikakutana. Kisha ulimi ukapita juu ya midomo, ukarudi, ukapita tena, ukitafuta kitu kilichokuwepo na sasa hakipo.

"Hii sake ina ugomvi," alisema.

Kinue akasogea karibu.

"Inakusukuma halafu inaondoka. Haina hata adabu ya kuaga." Aliangalia ndani ya kikombe kwa chuki, kama aliyetukanwa na mtoto wa jirani. "Mnakunywa kitu hiki huko kwenu? Kwa hiari?"

"Tunakunywa."

Iwao akanyoosha mkono, akasukuma kikombe kitupu hadi chini ya bomba. "Ongeza," alisema.

Kinue alimwongezea. Kisha akakinga kikombe chake mwenyewe, akakipeleka mlangoni, mahali pasipo na harufu ya mchele wala ya watu, theluji tu, nyeupe hadi kwenye miti. Nyuma yake alimsikia Sadao akiomba naye aonje, na Iwao akimwambia angoje zamu yake. Kinue alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakiinua hadi chini ya pua, akafumba macho.